Jicho la nani? Ninavyofundisha Babeli na sheria za kale kwa kidato cha kwanza

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika ubaoni kwa chaki nyekundu: "Hammurabi, mfalme wa Babeli, ndiye mtu wa kwanza duniani kutunga sheria. Sheria yake ilikuwa jicho kwa jicho." Watoto wakanakili, wakakariri, wakafaulu. Mmoja wao leo ni bodaboda, hunipandisha kutoka stendi hadi shuleni siku za mvua. Siku moja nikamwuliza anakumbuka nini kuhusu Babeli. Akacheka bila kugeuka: "Jicho kwa jicho, Madam!" Nikanyamaza njia nzima. Sentensi ya kwanza niliyomfundisha si kweli, na ya pili ni kweli kwa baadhi ya macho tu.

Nafundisha historia shule ya kata kwenye mteremko wa Kilimanjaro, juu ya Moshi mjini. Mkondo mmoja una watoto 62, wa miaka 13 hadi 15. Umeme upo siku ukiwepo. Mada hii naitengea vipindi sita, na viwili kati yake naviiba kwenye klabu ya historia Alhamisi jioni. Vifaa vyangu ni kamba ya katani ya mita 5, ndoo ya udongo, matete, kadi nilizokata kwenye maboksi ya dukani, na chaki. Naeleza hapa ninavyofanya, pamoja na mahali nilipoharibu, ili wewe usirudie.

Anzia kwenye maji

Siku ya kwanza sitaji Babeli wala mfalme yeyote. Naingia na kesi. Mzee mmoja zamu yake ya maji ni Jumanne usiku. Kafungua mfongo, kaelekeza maji kwenye mahindi yake, kakaa chini ya mgomba kusubiri. Usingizi ukamchukua. Maji yakajaa, yakavuka tuta, yakazoa mahindi ya jirani yote. Afanyweje?

Kwa asiyejua Uchagani: mfongo ni mfereji unaochimbwa kutoka mtoni huko juu, ukazungushwa kwenye miteremko hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, na wenye mashamba hugawana maji kwa zamu. Asiyetokea siku ya kuusafisha hutozwa faini. Mtoto wa kwetu hahitaji kuelezwa thamani ya maji. Ameshasikia watu wazima wakitukanana saa nane za usiku kwa sababu ya zamu. Wewe uliye Kilombero tumia majaruba ya mpunga. Uliye Shinyanga tumia mifugo iliyoingia shambani, kwa sababu Hammurabi ana kifungu cha mchungaji aliyelisha kondoo kwenye shamba la mtu bila kuelewana na mwenyewe.

Waache wabishane, dakika kumi na tano nzima. Mwaka jana kundi moja lilisema alipe gunia kwa gunia. Msichana wa dawati la nyuma akasema usingizi si kosa, ni mwili. Mvulana mmoja akataka mzee achapwe viboko. Nikamwuliza kama viboko vitaotesha mahindi, akakaa. Kisha kila kundi linaandika hukumu yake kwa sentensi moja, na sharti ni moja tu: ianze na "Mtu aki-".

Baada ya hapo ndipo ninapoandika ubaoni, kwa maneno yangu, kile kinachosemwa na kifungu cha 53 hadi cha 55 cha sheria za Hammurabi. Mtu akizembea kuimarisha tuta la shamba lake, likabomoka, maji yakachukua mashamba ya wenzake, atawalipa nafaka waliyopoteza. Asipoweza kulipa, atauzwa yeye na mali yake, na wale waliopoteza nafaka watagawana fedha. Mtu akifungua mfereji wake kumwagilia, akazembea, maji yakazoa shamba la jirani, atampimia jirani nafaka. Yule msichana wa nyuma akasoma mara mbili, akasema: "Kumbe kule usipoziba ufa unajenga ukuta wa kijiji kizima." Sijawahi kupata muhtasari bora wa kifungu cha 53.

Hapo hawajajua bado kwamba ni Babeli. Wanadhani ni sheria ndogo za kijiji fulani. Nikiwaambia ina umri wa zaidi ya miaka 3,700, wanafungua macho, na hayo ndiyo macho ninayoyataka kwenye kipindi kinachofuata.

Kuna jambo moja ambalo sisi tunaolieleza somo hili kwa Kiswahili tunalipata bure. Sheria za Mesopotamia, nchi ya kale ya Babeli na jirani zake katika Iraki ya leo, karibu zote zina umbo lilelile: kama mtu amefanya hivi, basi itakuwa hivi. Kwa Kiakadi, lugha ya Babeli ya wakati ule, zinaanza na neno shumma, yaani "kama". Kiswahili kinaubeba mzigo huo kwa silabi moja. Akiiba. Akivunja. Akisingizia. Amri Kumi wanazozijua kanisani zinasema usiibe. Hammurabi anasema mtu akiiba. Hapa kuna kesi juu ya kesi, kama daftari la baraza, na hakuna mahali panapokuambia uvivu ni mbaya. Mtoto akilishika hilo mapema, nusu ya kazi imekwisha. Najua mtihani unakuja kwa Kiingereza. Kiingereza kinangoja kipindi cha tano, hakijawahi kunilalamikia.

Kamba, na shida ya kuhesabu kinyumenyume

Watoto wengi wanaamini mwaka 1750 KK ni wa zamani kuliko 2100 KK, kwa sababu 1750 ni ndogo na "zamani" ni "nyuma". Kuwaeleza kwa maneno nimejaribu, haisaidii. Tumia kamba. Sentimita moja ni miaka kumi. Funga uzi mwekundu kwenye kila tukio na mpe mtoto ashike mahali hapo.

Ncha ya kamba ni leo. Uhuru wa Tanganyika, 1961, uko sentimita 6 na nusu, karibu kabisa na kidole cha anayeshika ncha. Ibn Battuta akifika Kilwa mwaka 1331 yuko kwenye sentimita 70. Hijra ni mita 1.4, kuzaliwa kwa Yesu ni kama mita 2. Hammurabi, aliyetawala Babeli takriban 1792 hadi 1750 KK, yuko karibu na mita 3.8. Piramidi kubwa ya Khufu huko Misri ni mita 4.6. Kati ya hapo acha fundo moja la uzi wa bluu kwenye mita 4.1, usiseme ni la nani. Watakuuliza. Waambie wasubiri.

Mtoto mmoja huuliza kila mwaka: na yule binadamu wa kale wa Olduvai? Fuvu la Zinjanthropus lililopatikana mwaka 1959 lina umri wa miaka kama milioni 1.75, kwa hiyo kwenye kamba hii liko kilomita 1 na robo tatu kutoka mlangoni. Kwetu hapo ni chini, lami inapoanzia. Wanachungulia dirishani kabisa.

Udongo

Hapa ndipo nilipoharibu kwa miaka miwili. Udongo mwekundu wa kwetu una changarawe, na mimi nikauchota nyuma ya choo cha walimu, nikauchanganya na maji, nikawagawia. Kesho yake vibao vyote vilikuwa vimepasuka kama visigino vya kiangazi. Sasa namfuata mama anayeuza vyungu sokoni, ananipa udongo wa mfinyanzi uliokwisha kukandwa. Ndoo ya lita 10 inatosha watoto 60, kila mmoja donge la ukubwa wa andazi. Wanalibonyeza liwe bapa, nene kama kidole, laini juu. Kausha kivulini siku tatu kabla ya jua.

Kalamu ni tete. Lipasue, likate ncha liwe na pembe, kisha ukandamize pembe hiyo kwenye udongo bila kuburuta. Alama inayotoka ina kichwa kipana na mkia mwembamba, kama kabari ya kupasulia kuni, ndiyo maana mwandiko huo unaitwa wa kikabari. Watoto watataka kuburuta kama wanaandika kwa biki. Wakiburuta udongo unainuka kingo na maandishi yanakuwa kama matope ya kuku. Waonyeshe: gusa, inua, gusa, inua.

Siwafundishi ishara za Kiakadi, hakuna muda na mimi mwenyewe sizijui za kutosha. Nawafundisha tarakimu tu, kabari ya wima kwa moja na kabari ya pembe kwa kumi, kisha wanaandika deni: magunia 12, au 23, ya jirani fulani. Wanakauka roho wakiandika, utadhani deni ni la kweli.

Na hapo kuna kifungu cha 48, ninachokipenda kuliko vyote 282. Mtu akiwa na deni, halafu dhoruba ikaharibu shamba lake, au mafuriko, au nafaka haikuota kwa kukosa maji, mwaka huo hatamrudishia mdai wake nafaka. Atalowesha kibao chake, na riba ya mwaka huo hatalipa. Atalowesha kibao chake! Mtoto aliyesoma kitabuni hawezi kuelewa neno hilo. Mwenye kibao mkononi anaelewa. Natembea na kopo la maji, nasema "mwaka huu mvua haikunyesha," kila mwenye deni anachovya kidole, anapitisha juu ya tarakimu, deni linayeyuka chini ya kidole chake. Mwaka jana mvulana mmoja alilowesha akafuta na jina la mdai wake kabisa. Nikamwambia hapo ameshafika kwenye kughushi. Akajibu mvua ilikuwa haba sana.

Muungwana, maskini, mtumwa

Kipindi hiki ndicho kizito, ukikosea hapa unaumiza watoto. Nakata kadi 62: kama 20 za muungwana, 30 za maskini, 12 za mtumwa. Kila mtoto anavuta moja mfukoni bila kuangalia. Kisha naleta kosa moja, lilelile, mara tatu.

Muungwana akimharibu jicho muungwana mwenzake, na lake litaharibiwa. Hiki ni kifungu cha 196, ndicho kila mtu anachokijua. Muungwana akimharibu jicho maskini, atalipa mina moja ya fedha (madini yenyewe, yaliyopimwa kwa uzito), yaani shekeli 60. Akimharibu jicho mtumwa wa mtu, atalipa nusu ya bei ya mtumwa huyo. Mara zote tatu yule yule ndiye mkosaji na jicho ni jicho. Nasubiri. Huwa haipiti dakika mwenye kadi ya mtumwa hajauliza: "Hiyo nusu bei nalipwa mimi?" Hapana. Hasara inahesabiwa kuwa ya bwana wake.

Wakishachemka, geuza. Mtu akimpiga kofi aliye juu yake kwa daraja, atachapwa viboko 60 vya mjeledi wa ng'ombe mbele ya watu. Maskini akimpiga kofi maskini mwenzake, shekeli 10. Mtumwa akimpiga kofi muungwana, atakatwa sikio. Nakuachia mwenyewe usikie darasa litakavyokuwa.

Fedha inabaki maneno matupu mpaka uigeuze kuwa siku za kazi. Hammurabi mwenyewe anataja ujira wa kibarua: punje 6 za fedha kwa siku katika miezi mitano ya mwanzo wa mwaka, punje 5 miezi iliyobaki. Shekeli moja, kama gramu 8, ni punje 180. Basi shekeli 60 ni punje 10,800, na kwa punje 6 kwa siku hizo ni siku 1,800 za kibarua, karibu miaka mitano bila Jumapili. Darasa langu walikubaliana kwamba kupalilia kahawa ni elfu nane kwa siku. Wakazidisha: jicho la maskini ni shilingi milioni 14 na laki 4. Mjadala ulihama ghafla. Wengine walianza kusema faini hiyo si ndogo, na mmoja akauliza kama muungwana mwenye jicho moja lililopofuka asingependa zaidi kulipwa. Swali hilo sikulipanga, wala sikulijibu.

Sasa maneno yenyewe. Daraja la kwanza, awilum, naliita muungwana, na sijapata neno la Kiswahili linalokaa vizuri zaidi. Pwani yetu ilikuwa na waungwana na watumwa, watoto wanajua tofauti hiyo ilivyouma. Daraja la kati kwa Kiakadi ni mushkenum. Naliandika ubaoni kwa herufi kubwa, halafu chini yake Kiarabu, miskin, halafu naacha nafasi. Neno lile lilipita kwenye Kiaramu, likaingia Kiarabu, likavuka bahari na majahazi. Kuna kimya kidogo, kisha sauti tatu nne kutoka pembe tofauti: "Maskini!" Wengine wanasimama. Neno wanalolitumia kila siku, kumwonea huruma mbwa aliyechechemea, lilikuwa linatamkwa Babeli kabla ya Musa. Waeleze hata hivyo kwamba mushkenum wa Babeli hakuwa lazima fukara. Alikuwa mtu wa kawaida, chini ya muungwana, juu ya mtumwa. Umaskini uliongezeka njiani.

Kosa langu lilikuwa hili. Mara ya kwanza niliziacha kadi zikae wiki nzima, nikidhani wataishi historia. Siku ya tatu nikasikia bombani mtoto anamwambia mwenzake, "Mtumwa, nipishe." Binti wa watu alikuwa amesimama na ndoo yake, hana la kusema. Nilikusanya kadi zote saa ileile, na ile wiki nzima nikawa na kazi ya kurekebisha nilichokiharibu. Sasa kadi zinavutwa upya kila dakika kumi na tano, aliyekuwa mtumwa anaweza kuwa muungwana, na kengele ikilia zinarudi mfukoni kabla mtoto hajatoka mlangoni. Hili nakusihi usilipuuze.

Nyumba ya fundi

Kwa darasa la mjini, hii inaweza kuwa kesi ya kufungulia. Fundi akimjengea mtu nyumba bila kuiimarisha, ikaanguka ikamwua mwenye nyumba, fundi atauawa. Ikimwua mtoto wa mwenye nyumba, atauawa mtoto wa fundi. Ikimwua mtumwa, atatoa mtumwa. Ikiharibu mali, atalipa mali na kuijenga upya kwa gharama yake.

Wanakubali la kwanza kwa kelele, hasa walioona taarifa za maghorofa yaliyoanguka. La pili linawakata. "Mtoto kakosa nini?" Usiharakishe kuwapoza. Wenye Biblia wapeleke Kumbukumbu la Torati 24:16, ambapo baba hauawi kwa ajili ya mwanawe wala mwana kwa ajili ya babaye, na uwaulize kwa nini mtu aone haja ya kuliandika jambo hilo. Swali hili lina nguvu kuliko maelezo yangu yoyote.

Uru

Sasa rudi kwenye fundo la bluu. Naandika ubaoni sheria mbili za jicho bila tarehe. Moja: jicho kwa jicho. Nyingine: mtu akimtoboa mwenzake jicho, atalipa nusu mina ya fedha, akimvunja jino, shekeli 2. Ipi ni ya zamani zaidi? Mikono karibu yote inakwenda kwa jicho kwa jicho. Sababu zao: ni ya kikatili, watu walikuwa hawajaendelea, fedha ilikuja baadaye.

Fundo la bluu ni la faini. Ni sheria za mfalme Ur-Nammu wa mji wa Uru, zilizoandikwa kwa Kisumeri yapata 2100 KK, ingawa wataalamu wengine humpa sifa hiyo mwanawe Shulgi. Ni kongwe kuliko za Hammurabi kwa zaidi ya miaka 300. Kwenye kamba ni rula moja na vidole viwili. Kibao chake kilisomwa na mtaalamu wa Kisumeri, Samuel Noah Kramer, mwaka 1952, katika jumba la makumbusho la Istanbul. Muuaji na mnyang'anyi waliuawa hata Uru, kwa hiyo usiwauzie watoto paradiso. Lakini kwa jicho na jino, mkubwa alitoza faini na mdogo, aliyekuja nyuma yake, akatoa jicho. Ile hadithi kwamba watu walianza na ukatili wakapanda ngazi polepole hadi ustaarabu inavunjika mikononi mwao, na wanaivunja wenyewe.

Ukifundisha kwetu, jiandae kwa kicheko. Uru ni jina la eneo letu pia, hapo jirani, na nusu ya darasa wana shangazi Uru. "Mwalimu, Uru hii ya kwetu?" Hapana, ile ya Mesopotamia, kusini mwa Iraki ya leo. Hawaniamini mpaka niapie.

Neno ninalolikata kwenye kila karatasi ni "wa kwanza". Sharti waandike "kongwe zaidi zilizopatikana hadi sasa". Ardhi ya Iraki haijaisha kuchimbwa. Mtihani mmoja wa majaribio uliwahi kuwanyima watoto wangu alama kwa jibu hilo, kwa kuwa mwongozo wa kusahihishia ulisema Hammurabi ndiye wa kwanza. Niliandika barua. Haikujibiwa, ila mwaka uliofuata swali halikurudi.

Jiwe lenyewe

Liweke mwisho, kama hadithi ya jioni. Ni jiwe jeusi lililochongwa sheria za Hammurabi, lina mita 2.25, mlango wetu wa darasa una mita 2, kwa hiyo tunachora kwa chaki kwenye ukuta wa nje na mrefu kuliko wote anasimama kando yake. Juu amechongwa Shamash, mungu wa jua na wa haki, ameketi, Hammurabi amesimama mbele yake. Shamash na jina Shamsi ni ndugu wa damu, na kwenye darasa lenye mtoto wa jina hilo kipindi kinajiendesha.

Mwishoni mwa maandishi Hammurabi anasema mtu aliyeonewa na aje mbele ya sanamu yake, asomewe maneno ya jiwe, moyo wake upoe. Kisha anamwaga laana ndefu juu ya yeyote atakayeyafuta. Karne ya 12 KK akaja Shutruk-Nahhunte, mfalme wa Waelamu, akalibeba jiwe hadi Susa, Shushani ile ya Esta, na safu kadhaa upande wa mbele zikakwanguliwa. Kwa hiyo kuna vifungu tunavyovijua tu kwa sababu viliwahi kunakiliwa kwenye vibao vya udongo. Waambie watoto waliovinakili wengi walikuwa wanafunzi wa uandishi, wakinakili kwa amri ya mwalimu, kama wao. Wafaransa waliokuwa wakichimba Susa chini ya Jacques de Morgan walilipata jiwe majira ya baridi ya 1901 kuingia 1902, vipande vitatu, na leo liko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Vifungu 282 ni hesabu ya padri Scheil aliyelitafsiri. Jiwe halina namba.

Halafu wape fumbo. Kesi za kweli za Babeli zimebaki kwa maelfu kwenye vibao: mirathi, mikopo, talaka. Mahakimu wake karibu hawalitaji jiwe hili kabisa. Lilikuwa sheria, au mfalme alikuwa anajisifu kwa miungu na kwa watakaokuja? Mimi nina mawazo yangu, nawaficha mpaka wamalize kuandika yao.

Wakiuliza Misri na sheria zake, jibu fupi linatosha: kitabu cha sheria cha mafarao hakijapatikana, ingawa waliongea sana juu ya maat, haki na mpangilio. Sheria za Draco wa Athene, 621 KK, na zile za Meza Kumi na Mbili za Roma, 451 hadi 450 KK, nafunga fundo kwenye kamba na kupita. Ukiyabeba yote katika vipindi sita hutafika popote.

Kusahihisha

Kila kundi linaandika sheria tatu za darasa kwenye udongo, kwa "Mtu aki-", moja lazima ihusu kitu kilichoazimwa. Kisha kundi jingine linaulizwa: ni nani atahukumiwa tofauti hapa, hata kama halikuandikwa? Kwa swali hilo natoa alama 10 kati ya 20. Mwaka jana sheria moja ilisema atakayechelewa namba afagie uwanja, na kundi la pili likaandika chini: "Anayeishi mbali ndiye atakayefagia kila siku." Dakika kumi za mwisho nawasomea notisi za Kiingereza wanakili, tarehe na majina, kwa sababu mtihani nao una mfalme wake.

Vibao vya mwaka jana viko juu ya kabati la ofisini, chini ya magazeti. Panya au mtu wa usafi amekimega kimoja. Upande uliobaki unasema "Mtu akiazima baiskeli ya mwenzake, ikapata pancha kabla ya", basi. Nimewauliza watoto wa kundi lile hukumu ilikuwa nini. Wako sita, na nimepata majibu manne.